Nikichagua matundu madogo, nitamwibia mdogo wangu figo nzuri?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja niliyempata kwa upasuaji, na mimi na mume wangu bado tunatamani mwingine. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 29, figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Akitoka kwenye mashine hana nguvu hata ya kufungua kifuniko cha chupa. Ndugu tulipimwa wote, mimi ndiye niliyeonekana nafaa. Kundi la damu linalingana, damu zetu zilipochanganywa hazikugombana, presha yangu ni nzuri, kisukari sina, na figo zangu zinagawana kazi karibu nusu kwa nusu: ya kushoto asilimia 51, ya kulia 49. Kuhusu kumpa sijayumba. Kinachoninyima usingizi ni namna ya kuitoa.

Tumeonana na hospitali mbili. Ya kwanza wanatoa figo kwa njia ya matundu madogo. Daktari wao alinieleza kwamba watanijaza gesi tumboni, watapitisha kamera na vyombo kwenye matundu matatu au manne, kisha figo itatolewa kupitia mkato mdogo chini ya tumbo, pengine palepale penye kovu langu la uzazi. Wao wanataka figo ya kushoto. Tatizo ni kwamba kipimo cha CT cha mishipa kilionyesha figo yangu ya kushoto ina ateri mbili, yaani mishipa inayoiingizia damu, ya kulia ina moja. Hospitali ya pili wana daktari mpasuaji wa siku nyingi, yeye anafungua ubavuni kwa mkato mrefu. Anasema angechukua ya kulia, yenye ateri moja, na kwamba kwa njia yake figo inatoka haraka na haikai muda bila damu.

Mjomba wetu alifanya kazi kwenye chumba cha upasuaji mpaka akastaafu. Alipoitisha kikao cha familia alisema wazi kwamba gesi inaiminya figo, figo inasubiri ndani bila damu wakati madaktari wanahangaika kuitoa, na mrija wa mkojo unaharibika. "Kama kweli unampenda mdogo wako," alisema, "kubali kufunguliwa. Kovu ni la siku chache, figo ni ya miaka." Wifi yangu akaongeza kwamba amesikia figo zilizotolewa kwa matundu zinachelewa kutoa mkojo. Mdogo wangu mwenyewe aliniambia, "Dada, chagua lisilokuumiza," lakini alivyosema hivyo alikuwa anaangalia pembeni.

Kazi yangu ni ya ghalani, kusimama na kunyanyua. Mwajiri amekubali likizo yenye malipo ya mwezi mmoja, zaidi ya hapo ni kwa gharama yangu. Wa ubavuni aliniambia nijiandae kwa wiki sita hadi nane. Wa matundu alisema wiki tatu au nne.

Sitaficha: ninaogopa maumivu, na ninataka matundu. Lakini kila nikifikiria hivyo najiona mchoyo, kama mtu anayetoa zawadi huku amechagua iliyopasuka. Figo ikichelewa kuamka, au ikifa, nitaishije na wifi na mjomba? Na mimi mwenyewe nitajiambia nini? Naomba unieleze ukweli wa jambo hili bila kunionea aibu.

Dada Mtu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umefungiwa mambo matatu kwenye fungu moja. La kwanza ni njia ya upasuaji: matundu au mkato wa ubavuni. La pili ni figo ipi itoke, ya kushoto au ya kulia. Hili familia haijaligusa kabisa, na kwako wewe lina uzito pengine kuliko la kwanza. La tatu ni hiyo hatia, kwamba ukipunguza maumivu yako unapunguza thamani ya unachotoa. Tuyafungue moja moja, maana yakikaa pamoja kila moja linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Nianze na mjomba, kwa heshima yake. Hayo aliyosema hakuyazua. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston mwezi Desemba 1954, kati ya mapacha wa kufanana, na kwa miaka arobaini iliyofuata figo ya mchangiaji aliye hai ilitolewa kwa kufungua. Figo ya kwanza ya mchangiaji kutolewa kwa matundu ilikuwa Baltimore mwaka 1995. Miaka ile ya mwanzo zilikuwapo taarifa za mirija ya mkojo iliyovuja au kuziba, za vena (mishipa inayorudisha damu) fupi za figo za kulia zilizoganda damu, na za figo zilizoanza kazi kwa kusuasua. Mtu aliyekuwa kwenye chumba cha upasuaji nyakati hizo ana haki ya kukumbuka hivyo. La kumuuliza mjomba kwa upole ni kama amefuatilia yaliyobadilika tangu hapo, kwa sababu kila moja ya hizo kasoro ilitafutiwa chanzo chake.

Chukua gesi. Tumbo hujazwa kabonidayoksaidi mpaka shinikizo la kama milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili ukuta wa tumbo uinuke na kamera ione. Ni kweli kwamba shinikizo hilo linaibana vena ya figo na figo yenyewe, damu inayopita inapungua, na mkojo wa mchangiaji unashuka wakati wa upasuaji. Daktari wa usingizi anaijua hali hiyo, ndiyo maana mchangiaji hupewa dripu za kutosha tangu mapema ili mishipa ijae, na timu nyingi huongeza dawa za kuongeza mkojo, manitoli au furosemaidi, kabla mishipa haijabanwa, ili figo iwe inakojoa wakati inatoka. Wengine hufanya kazi kwa shinikizo la chini zaidi, na mkojo ukikauka gesi inaweza kufunguliwa ipungue kwa dakika kadhaa figo ipumue. Gesi ikitoka, damu inarudi. Figo kubanwa kwa muda si sawa na figo kujeruhiwa, mradi mchangiaji hakuachwa akaukiwe maji. Kwa hiyo, badala ya kuuliza tu kama watatumia gesi, waulize shinikizo watakalotumia na mpango wao wa maji.

Kisha kuna zile dakika anazoziogopa mjomba. Katika njia zote mbili mambo huenda hivi. Figo inaachanishwa na kila kilichoishika mpaka inabaki imening'inia kwenye ateri na vena yake tu. Mrija wa mkojo unakatwa. Ateri inafungwa, halafu vena, zinakatwa, na hapo saa inaanza kuhesabu: figo ina joto la mwili lakini haina damu. Inafika kwenye meza ya pembeni, inawekwa kwenye barafu, na maji maalumu ya nyuzi 4 yanapitishwa kwenye ateri yake mpaka kinachotoka kwenye vena kiwe cheupe na figo igeuke kutoka rangi ya zambarau kuwa ya kijivu iliyopauka. Hapo uchakavu unapungua sana. Kwa kufungua, kipindi hicho cha joto huwa kama dakika moja hadi mbili, kwa sababu mkono wa daktari upo palepale. Kwa matundu huwa kama dakika tatu hadi tano, kwa sababu figo lazima iingie kwenye mfuko na kuvutwa kupitia mkato wa chini. Mjomba anasema kweli kwamba matundu yanachukua muda zaidi. Lakini hebu uone ukubwa wa tofauti yenyewe. Figo za watu waliofariki baada ya moyo kusimama hukaa kwenye joto bila damu mara nyingi dakika kumi na zaidi. Hizo ndizo zinazochelewa kuamka kwa wingi, na hata hivyo nyingi hufanya kazi kwa miaka. Dakika mbili tatu za ziada kwenye figo yenye afya, iliyolishwa maji, ya mtu aliye hai, ni kitu kingine kabisa.

Wifi yako naye amesikia jambo lenye ukweli ndani yake. Baadhi ya tafiti zilizolinganisha njia hizi zilikuta kwamba kwa wagonjwa waliopokea figo za matundu, kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi, ilishuka polepole kidogo katika siku na wiki za mwanzo. Tofauti hiyo ilipotea kadiri muda ulivyosonga, na kufikia mwaka mmoja makundi yalikuwa sawa kwa kazi ya figo na kwa idadi ya figo zilizokuwa bado hai. Mwaka 2011 yalikusanywa majaribio 6 yenye wachangiaji 596 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalikuwa kwamba upasuaji wa matundu ulichukua muda mrefu zaidi na dakika za joto ziliongezeka, lakini wachangiaji walihitaji dawa chache za maumivu, walitoka hospitali mapema na walirudi kazini mapema. Kwenye figo kupotea mapema na matatizo ya mrija wa mkojo haikuonekana tofauti. Kundi moja ambalo liliwahi kutia wasiwasi ni watoto wadogo sana wanaopokea figo ya mtu mzima, na hata hapo tafiti hazikukubaliana. Mdogo wako ni mtu mzima.

Nakuomba umweleze wifi jambo hili kabla ya siku yenyewe, maana mtu aliyekaa nje ya wodi akihesabu mililita za mkojo anaweza kuvunjika moyo bure. Figo ikichelewa siku chache, hata ikabidi mgonjwa asafishwe damu mara moja au mbili baada ya kupandikizwa, hiyo bado haimaanishi imekufa. Na sababu za kuchelewa ni nyingi: presha ya mpokeaji kushuka mezani, muda wa kushona mishipa kuwa mrefu, dawa, mwili wake kuanza kuikataa. Ikitokea, hakuna atakayeweza kusema kwa haki kwamba ni kwa sababu ya matundu yako.

Kuhusu mrija wa mkojo, chanzo cha matatizo ya miaka ya tisini kilijulikana. Mrija huo haulishwi na mshipa mmoja mnene. Unalishwa na vijishipa vinavyopita ndani ya mafuta yanayouzunguka, hasa kwenye pembetatu iliyopo kati ya ncha ya chini ya figo na mrija wenyewe. Wapasuaji wa mwanzo, wakiwa na kamera inayoonyesha kila kitu kwa ukubwa, waliusafisha mrija ukabaki mtupu na unang'aa. Unapendeza machoni, lakini ncha yake inakosa damu, na baada ya siku kadhaa inaoza na mkojo unavuja. Siku hizi mafuta hayo yanaachwa yatoke pamoja na figo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo naona halijapata mjadala. Unaongea kana kwamba hospitali mbili zinakupa njia mbili za kutoa figo ileile. Sivyo. Moja inataka ya kushoto yenye ateri mbili, nyingine ya kulia yenye ateri moja. Kwa mdogo wako, tofauti hiyo inaweza kuwa na maana kuliko urefu wa kovu lako.

Wapasuaji wengi hupenda figo ya kushoto kwa sababu vena yake ni ndefu, kama sentimita 6 hadi 10, wakati ya kulia huwa sentimita 2 hadi 4 tu na inaingia moja kwa moja kwenye vena kuu ya mwili. Vena fupi na nyembamba inamsumbua anayeishona kwa mpokeaji: ikivutika au ikijipinda damu inaganda, na figo inaweza kupotea ndani ya saa chache. Kwa kufungua, daktari anaweza kubana ukingo wa vena kuu na kuchukua kipande kidogo chake, akapata urefu zaidi. Kwa matundu, stepla inayofunga vena yenyewe inakula sentimita moja hivi ya urefu. Kwa hiyo huyo daktari wa ubavuni kuitaka ya kulia kuna mantiki kwa mikono yake na vyombo vyake.

Na wa matundu kuitaka ya kushoto pia kuna mantiki. Ateri mbili si kasoro yako. Karibu robo ya watu wana zaidi ya ateri moja kwenye figo mojawapo. Kinachofanyika ni kwamba figo ikiwa kwenye barafu, ateri hizo mbili zinaweza kushonwa ubavu kwa ubavu ziwe na mdomo mmoja, au ndogo ikapandwa kwenye ubavu wa kubwa, au kila moja ikashonwa peke yake kwa mpokeaji. Kazi hiyo inaongeza muda, lakini ni muda wa baridi, ambao figo inauvumilia vizuri. Hatari yake ipo mahali pengine, na hapo ndipo nataka uulize kwa kung'ang'ania: ateri ya pili inakwenda wapi, na ina unene gani? Ikiwa ni uzi mwembamba wa juu unaolisha kipande kidogo, hata ikipotea figo haitetereki sana. Ikiwa ndogo hiyo inakwenda ncha ya chini, ndiyo mara nyingi inayoulisha mrija wa mkojo, na ikiganda mrija unaweza kufa. Ateri mbili zenye unene unaokaribiana, zilizotoka karibu karibu, ni kazi ya kawaida kwa timu iliyozoea. Jibu lipo kwenye picha zako za CT tayari.

Kuna na mlango wa tatu ambao hakuna aliyekuonyesha: figo ya kulia kwa njia ya matundu. Inafanyika, kwa timu zenye uzoefu, na mpasuaji wa upande wa mpokeaji anajiandaa kwa kuiachanisha vena ya nyonga ya mgonjwa na kilichoishika ipande juu ikutane na vena fupi. Hata kwenye kufungua kuna daraja la kati: mkato mfupi, unaopenya kati ya misuli badala ya kuikata. Na kuna matundu yanayosaidiwa na mkono mmoja wa daktari ulioingizwa kupitia mkato mdogo, ambao unafupisha zile dakika za joto. Kwa hiyo usikubali kuwekwa kwenye njia panda ya mbili tu kabla hujauliza hizi.

Nije kwako wewe. Katika habari zote za kikao cha familia sikuona mtu aliyesema wewe nawe siku hiyo utakuwa mgonjwa. Mkato wa ubavuni hupita chini ya mbavu za mwisho, sentimita 15 hadi 20 au zaidi, na unakata tabaka za misuli. Wakati mwingine kipande cha ubavu huondolewa, na utando wa pafu unaweza kutoboka hewa ikaingia. Kwa wengi kidonda kinapona vizuri. Kwa baadhi, neva iliyopita hapo ikiumia, misuli ya ubavu inalegea na upande huo unatuna kama ngiri, au ganzi na maumivu vinabaki kwa miezi, hata miaka. "Kovu ni la siku chache" si kweli kwa kila mtu, hasa mtu anayenyanyua mizigo.

Matundu nayo yasipambwe. Utaamka na maumivu ya bega yanayotokana na mabaki ya gesi, ambayo hupita kwa siku chache. Tumbo litajaa upepo. Mkato wa chini wa sentimita 6 hadi 8 unauma kama ule wa uzazi unaoujua. Kwa kuwa umewahi kupasuliwa hapo, makovu ya ndani yanaweza kuwapo, waambie mapema. Na upo uwezekano, kwenye yale majaribio ulikuwa chini ya wachangiaji wawili kwa mia, kwamba katikati ya kazi watalazimika kufungua, mara nyingi kwa sababu ya damu. Utasaini ukikubali hilo. Kwa ujumla kifo cha mchangiaji ni nadra: Marekani, kati ya wachangiaji zaidi ya 80,000, waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa kama 3 kwa kila 10,000.

Swali moja naomba usitoke hospitali ya matundu bila kuliuliza: ateri yangu mtaifunga kwa kifaa gani? Kisiki cha ateri ya figo kinachobaki kwako ni kifupi, na kinapigwa na nguvu yote ya moyo. Klipu za plastiki za kujifunga ziliwahi kuteleza saa chache baada ya upasuaji na wachangiaji wakafa kwa kuvuja damu ndani. Mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2011. Njia inayokubalika ni ile inayotoboa na kushika ukuta wa ateri: stepla yenye safu za pini, au kushona. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, nalo ni jibu.

Kuhusu kazi yako, ule mwezi mmoja usiutegemee kwa ghalani. Wiki tatu au nne alizosema daktari wa matundu zinamfaa anayekaa mezani. Kunyanyua kitu kizito zaidi ya kilo 4 au 5 hukatazwa kwa wiki kama sita kwa njia yoyote, kwa sababu mkato wa chini ukilazimishwa unatoa ngiri. Zungumza na mwajiri sasa kuhusu kazi nyepesi kwa wiki za kati, na uombe barua ya daktari inayotaja uzito kwa kilo.

Halafu kuna huyo mtoto wa pili. Umemtaja kwa sentensi moja ukapita, mimi naomba turudi. Baada ya kutoa, figo itakayobaki inajiongeza kazi mpaka kufikia kama asilimia 60 hadi 70 ya kazi iliyokuwa ya zote mbili, na wanawake wengi huzaa salama nayo. Lakini utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2015 ulikuta presha ya ujauzito au dalili za awali za kifafa cha mimba kwa asilimia 11 ya ujauzito wa wanawake waliochangia, dhidi ya asilimia 5 kwa wanawake wenye afya kama yao ambao hawakuchangia. Wengi hushauri kusubiri walau miezi sita, na wapo wanaosema mwaka, kabla ya kushika mimba. Kuna jingine: katika ujauzito figo ya kulia ndiyo hutanuka zaidi mkojo ukikwama kidogo, ndiyo maana baadhi ya madaktari, kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, huona heri kutoa ya kulia na kumbakishia ya kushoto. Kwako, mwenye asilimia 51 na 49, hakuna figo inayoshinda nyingine kwa kazi, kwa hiyo hoja hii inaweza kuingia mezani. Hili si la njia ya upasuaji, na mume wako anapaswa kuwapo linapojadiliwa. Wengine wangeahirisha kutoa mpaka wamalize kuzaa. Wengine, wakimwangalia ndugu kwenye mashine, wasingeweza. Zote ni njia za watu wenye mapenzi.

Sasa ile hatia. Umeandika kwamba unajiona mchoyo kwa kuogopa maumivu. Mimi nakuuliza: nani amekuonyesha kwamba maumivu yako yanaongeza chochote kwenye figo ya mdogo wako? Yanayoilinda figo yake ni maji ya kutosha kwako, mafuta kwenye mrija, ateri zilizoshonwa vizuri, vena isiyovutika, na yeye kumeza dawa zake kwa saa zilezile kila siku. Na kwake kuangalia pembeni, unaweza kuwa umekusoma vibaya. Huenda anaona aibu kwamba unakatwa kwa ajili yake, wala hakuwa anakuomba mkato mrefu. Muulize mkiwa wawili, bila wifi wala mjomba.

Ninavyoona mimi, uzoefu wa mikono unashinda jina la njia. Mpasuaji aliyefungua mamia ya wachangiaji ni salama kuliko wa matundu anayejifunza kwako, na kinyume chake pia. Waulize wote wawili: mmetoa figo ngapi za wachangiaji walio hai kwa njia hii, ngapi mwaka huu, ngapi za kulia, ngapi zenye ateri mbili, mara ngapi mmebadili mkaifungua, figo ngapi zimepotea mwezi wa kwanza. Na umwombe daktari wa figo ambaye si wa mdogo wako akusikilize wewe peke yako. Vituo makini huwa na mtu wa kumtetea mchangiaji, na ukitaka kusubiri au kuacha, hata asubuhi ya upasuaji, familia huambiwa tu kwamba kitabibu hukufaa.

Ukienda, beba picha zenyewe za CT kwenye diski, si karatasi ya maelezo peke yake. Muombe kila daktari akuonyeshe kwa kidole ateri ya pili inapoingia, na akuambie angefanya nini kama angetakiwa kutoa figo ile ambayo hakuichagua. Mpeleke mjomba akae nawe. Anajua maswali mengi ya chumba kile kuliko sisi, na majibu ya hapo yatamfaa kuliko maneno yangu. Kisha uniandikie walichosema kuhusu hiyo ateri.

Mshauri